Bunduki ya misumari kwa skatingi na mikanda ya milango: geji 18, 16 au 15?

PembeMraba

Wakuu, salaam. Nataka kununua bunduki ya misumari kwa kazi za kumalizia ndani, na kila nikisoma yaliyoandikwa kwenye maboksi nazidi kuchanganyikiwa.

Kazi yenyewe: vyumba vitatu, kila kimoja kama mita 4 kwa 5. Skatingi (ubao wa chini ya ukuta, unaozunguka sakafu) ni MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) ya unene wa 15 mm. Mikanda ya kuzunguka milango minne ni MDF ya 18 mm. Juu kwenye dari ni konisi za mbao laini. Kuta za vyumba viwili ni jipsamu ya 12.5 mm juu ya nguzo za mbao, chumba cha tatu ni matofali yaliyopigwa plasta. Miimo ya milango ni mbao ngumu.

Naomba kujua: nikiwa na uwezo wa bunduki moja, nichukue geji ipi? Ya hewa au ya betri (kompresa sina)? Na kile chumba cha matofali, bunduki inaweza au niandae keekee?

---

RandaKavu

Anza na ukuta, bunduki itajichagua yenyewe. Msumari wa mkanda hushika kwenye mbao iliyo nyuma. Jipsamu iliyo katikati haishiki kitu, ihesabu kama hewa.

Hesabu ya skatingi yako: 15 mm za MDF, ongeza 12.5 mm za jipsamu, hapo tayari 27.5 mm zimeliwa kabla ncha haijagusa nguzo. Unahitaji angalau 20 mm ndani ya mbao, 25 mm ni bora. Kwa hiyo msumari wako unaanzia 50 mm. Msumari wa 30 mm utaingia kwenye nguzo 2.5 mm, yaani bure kabisa. Nalisema hili mapema kwa sababu bunduki nyingi za bei nafuu zimeandikwa F30. Herufi F ni aina ya msumari, 30 ni urefu wa mwisho zinaoukubali. F30 ni nzuri kwa kupiga mgongo wa kabati na fremu za picha. Kwa skatingi iliyo juu ya jipsamu, ipite.

Sasa geji, yaani namba ya unene wa msumari. Namba ikipanda, msumari unakuwa mwembamba.

Geji 23 ni sindano isiyo na kichwa, unene kama 0.6 mm. Inashikilia pembe ya mkanda mpaka gundi ikauke, na tundu lake karibu halionekani. Usiitegemee kubeba mkanda peke yake.

Geji 18 ndiyo F: waya wa kama 1.25 kwa 1.0 mm, kichwa chembamba, urefu mpaka 50 mm kwenye bunduki ya F50. Haipasui mbao kirahisi na tundu lake linazibika kwa puti kidogo.

Geji 16 ina waya wa kama 1.6 mm. Hapa angalia vizuri, maana ziko za aina mbili: zile zilizoandikwa T50 zinaishia 50 mm, na nyingine zinafika 64 mm. Geji ni ileile, lakini uwezo wake ukutani ni tofauti kabisa.

Geji 15 ni nene zaidi, kama 1.8 mm, na magazini yake (sehemu inayobeba misumari) imeinama ili pua iingie kwenye kona. Ni bunduki ya kusimamisha miimo ya milango na kupiga mbao nzito. Misumari yake ina inamo la nyuzi 25 au 34 kutegemea bunduki, na ya aina moja haiingii kwenye nyingine. Ukinunua hii, nunua na boksi la misumari papo hapo, uijaribu.

Kwa kazi uliyoeleza, bunduki moja ningesema F50 ya geji 18, pamoja na gundi ya ujenzi nyuma ya skatingi. Miimo tayari imesimama, kwa hiyo geji 15 huna kazi nayo.

---

Kabari

RandaKavu, nakubali hesabu ila si hitimisho lake. Chukua hesabu hiyohiyo uipeleke kwenye mkanda wa mlango: 18 mm za MDF na 12.5 mm za jipsamu ni 30.5. Msumari wa 50 mm unabaki na 19.5 mm ndani ya nguzo, na hiyo ni kama umepiga wima kabisa. Ukiinamisha bunduki kidogo, au jipsamu ikiwa haijalala vizuri juu ya nguzo, unabaki na 15. Kwa waya wa geji 18 hapo hakuna mshiko wa maana. Mlango unafungwa kwa kishindo kila siku, na mkanda wa nje utaanza kuachia ukuta.

Konisi nayo ndiyo mbaya zaidi. Inakaa kwa mshazari kati ya ukuta na dari, nyuma yake pana uwazi, na msumari lazima uvuke uwazi huo kabla ya kufika mbao. Hapo 64 mm si anasa.

Kwangu mimi bunduki moja ni geji 16 inayofika 64 mm. Inapiga ukingo wa nje wa mkanda wa mlango, konisi na skatingi. Ukingo wa ndani wa mkanda, ule unaoingia kwenye mwimo, unatosha msumari wa 38 mm, nayo geji 16 inaupiga huohuo. Tundu litakuwa kubwa zaidi kidogo, lakini MDF inapakwa rangi hata hivyo.

---

RandaKavu

Hoja ya mkanda wa mlango naikubali. Tahadhari yangu ni huo ukingo wa ndani: mwimo ni mbao ngumu, na geji 16 karibu na ukingo wa mbao ngumu inaweza kuupasua, au msumari ukapinda na kutokea kwenye uso wa mwimo mahali ambapo mlango unafungia. Waya wa geji 18 una hatari ndogo zaidi pale. Ndiyo maana wanaofanya kazi hii kila siku wanatembea na mbili: 18 kwa ndani, 16 au 15 kwa nje.

Akilazimika kununua moja tu, basi 16 ya 64 mm, na ukingo wa ndani apige kwa mkono: atoboe kwanza kwa biti ya 1.5 mm, agonge msumari mwembamba kwa nyundo, amalizie kwa panchi. Kila mlango una sehemu kama 26 za ndani kwa pande zote mbili, si kazi ya kuogopesha. Zikiwa bunduki mbili, F50 na 16 ya 64 mm zinamaliza nyumba nzima.

---

MpiraWaHewa

Nijibu la hewa na betri.

Bunduki ya hewa ya geji 18 ina uzito wa kilo moja na kidogo. Ya betri ni kilo mbili na nusu hadi tatu, na kichwa chake ni kinene kiasi kwamba pua huioni vizuri. Kwenye skatingi uzito huo hausumbui. Ukiwa juu ya ngazi unapiga konisi kwa mkono mmoja, utausikia begani. Upande wa pili, ya betri haina mpira wa kuvuta chumba hadi chumba, wala kelele ya kompresa. Zipo pia za mtungi mdogo wa gesi. Paslode walianza kuziuza 1986. Ni nyepesi kuliko za betri, ila mtungi una tarehe ya mwisho, zinatoa harufu ndani ya chumba kilichofungwa, na chemba ya mwako inahitaji kusafishwa mara kwa mara, la sivyo inaanza kuruka misumari.

Kwa mtu asiye na kompresa na mwenye vyumba vitatu tu, hesabu ni hii: ukiwa tayari una keekee ya betri ya kampuni fulani, bunduki ya kampuni hiyo bila betri ni njia fupi. Kama huna, hewa inakupa bunduki mbili pamoja na kompresa ndogo kwa fedha inayokaribia bunduki moja nzuri ya betri.

Kompresa isiwe kubwa. Bunduki za mikanda hula hewa kidogo kwa kila pigo, tangi la lita 6 hadi 10 linatosha mtu mmoja, la lita 24 linakupa muda mrefu zaidi kabla mota haijawaka tena. Cha lazima ni regyuleta ya kurekebisha shinikizo la hewa, yenye saa ya kulisoma. Anza na shinikizo la psi 80 (kama bar 5.5) kwenye MDF na mbao laini, panda hadi 90 au 100 kwenye mbao ngumu. Usivuke kiwango kilichoandikwa kwenye bunduki, ambacho mara nyingi ni psi 120 au pungufu. Na usiunganishe kamwe na mtungi wa oksijeni wala gesi nyingine yoyote ya mtungi. Hapo si suala la kuharibu bunduki, inalipuka mkononi.

Kitu kidogo ambacho watu hukosea: kiungio. Ile sehemu yenye vali inayofunga hewa lazima ikae kwenye mpira, na kwenye bunduki iwekwe ile ncha iliyo wazi. Ukigeuza, unachomoa mpira lakini hewa inabaki imefungiwa ndani ya bunduki, nayo bado inaweza kupiga msumari mmoja ukiwa unakwamua kitu puani ukijua imekufa.

Mafuta: matone mawili au matatu ya mafuta ya vifaa vya hewa kwenye mlango wa hewa kabla ya kuanza kazi, isipokuwa kama bunduki imeandikwa haitaki mafuta. Mafuta ya injini hapana, viambato vyake vinaharibu mipira ya ndani. Kila jioni fungua koki chini ya tangi umwage maji. Maji hayo ndiyo yanayotia kutu tangi na kuingia kwenye bunduki.

---

PembeMraba

Ahsanteni sana, hapa nimepata mwanga. Nimeazima F50 ya hewa kujaribu kwenye vipande vya MDF kabla ya kununua. Mambo matatu yamejitokeza. Msumari unapinda na kutokea ubavuni nikipiga karibu na ukingo. Ncha za vipande zinapasuka. Na kila tundu limeota kama kichuguu kidogo kuzunguka. Hewa ni psi 100. Ni bunduki mbovu au mkono wangu?

---

Msasa180

Bunduki haina kosa. Nianze na kupinda, maana wengi hawaambiwi sababu yake.

Ncha ya msumari wa geji 18 haikuchongwa kama sindano, ni kama patasi: imekatwa mshazari pande mbili. Ikikutana na kitu kigumu inateleza kuelekea kulia au kushoto ukiitazama bunduki kwa nyuma. Ukishika bunduki ikiwa sambamba na mkanda, kulia na kushoto kwake ni kwenye ukingo, ndiko msumari unakotokea. Igeuze ikae kimraba na urefu wa mkanda, magazini ikiukata mkanda kama msalaba. Msumari ukitaka kupinda, utapinda kufuata urefu wa mbao, na utabaki humohumo. Kwa sababu hiyohiyo mkono unaoshikilia mkanda usikae karibu na pua: uweke mbali kuliko urefu wa msumari uliomo, na usiwe ubavuni ambako msumari unaweza kutokea.

Ncha kupasuka: MDF imeshikana vizuri ikipigwa usoni, lakini ina tabaka, na karibu na ncha tabaka huachana. Usipige chini ya 25 mm kutoka mwisho wa kipande. Ikikulazimu, toboa kwanza. Pembe za 45 zinazokutana kwenye kona ya nje usizikaze kwa msumari mkubwa hata kidogo. Paka gundi, shikilia kwa sindano ya geji 23 au kwa utepe wa karatasi mpaka ikauke.

Vichuguu: psi 100 ni nyingi kwa MDF. Teremsha hadi 75 au 80, kisha gusa gurudumu la kina lililo karibu na pua. Kichwa kizame 1 hadi 2 mm tu. Hata ukirekebisha, kichuguu kidogo kitabaki, kwa sababu MDF inaposukumwa pembeni inavimba juu. Kikate kwa wembe au patasi kali ikiwa imelala, halafu ndipo utie puti. Ukitia puti juu ya kichuguu na kupiga msasa, rangi ikikauka utaona duara kwenye kila msumari mwanga ukipita kwa ubavu. Tumia puti ya mbao inayokauka kuwa ngumu. Zile za bomba zinazobaki laini ni za nyufa kati ya skatingi na ukuta. Kwenye tundu la msumari zinanywea na kuacha kishimo.

Angalia pia kama pua ina kofia yake ya mpira. Za kuazima mara nyingi zimeipoteza, na bila kofia kila pigo linaacha alama ya chuma kwenye uso wa mkanda.

---

Kabari

Naongezea juu ya triga. Chukua ile ya hatua: pua ibonyezwe kwanza kwenye mbao, kisha triga, na msumari mmoja tu kwa kila mbonyezo. Ile ya kugusa, ambayo ukishikilia triga inapiga kila pua inapogusa, ni ya kupigia paa na sakafu. Kwenye mkanda bunduki ikidunda kidogo inakupigia wa pili pembeni mwa wa kwanza, na unabaki na matundu mawili au kipande kilichopasuka. Pendelea pia yenye kizuizi cha kupiga tupu. Inajifunga misumari ikibaki michache, badala ya kukudanganya kuwa umekaza mita tatu za skatingi kumbe ulikuwa unatoboa matundu matupu.

Kuhusu kukwama: chomoa mpira au betri kwanza, halafu vuta misumari yote nyuma, fungua mlango wa pua, toa uliokwama kwa koleo. Ukikwama mara kwa mara, tazama misumari kabla ya kulaumu bunduki. Vipande vifupi vilivyovunjika kutoka kwenye ukanda, au misumari yenye kutu, hukaa vibaya kwenye njia yake. Vichwa vikianza kubaki juu wakati hewa na kina havijabadilika, ule ulimi wa chuma unaosukuma msumari umelika kwenye ncha. Unabadilishwa, si lazima kununua bunduki nyingine. Na ukisikia hewa inavuja bila kukoma kwenye tundu la kutolea, mara nyingi ni oringi (pete ya mpira ya kuziba hewa) iliyokauka. Jaribu mafuta kwanza, ikikataa ibadilishe.

---

RandaKavu

Chumba cha matofali hakijajibiwa. F50 na geji 16 haziingii kwenye tofali wala zege. Zinapita plasta, zikifika kwenye kigumu zinapinda au kurudi nyuma. Ipo bunduki ya zege, ST64, yenye misumari ya chuma kigumu ya 2.2 mm. Inaingia, ila kichwa chake ni cha mviringo na kikubwa, kwenye MDF ya 15 mm kinaacha kidonda, na plasta dhaifu inabanduka vipande nyuma ya mkanda. Hiyo ni ya kupigia mbao za kujengea juu yake vitu vingine.

Kwa skatingi yako pale, njia ni mbili. Ya kwanza ni keekee: toboa tundu la 6 mm kila 600 mm, tia plagi za plastiki, kaza skrubu za 4 kwa 50 mm zilizozamishwa kichwa, ziba kwa puti. Kabla ya hapo pima: 15 mm za MDF na plasta ya 12 au 15 mm zinabakiza kama 20 mm tu ndani ya tofali, kwa hiyo plasta ikiwa nene zaidi nenda skrubu ya 60. Ya pili ni gundi ya ujenzi: ukuta uwe mkavu na usio na vumbi, vuta mistari ya nyoka nyuma ya skatingi, bandika, kisha piga jozi za F50 zilizoinamishwa kuelekeana kila 500 mm hivi. Misumari hiyo inauma kwenye plasta tu, kazi yake ni kushikilia mpaka gundi ikauke. Ukuta ukiwa na mawimbi gundi peke yake haitaivuta skatingi ilale, rudi kwenye skrubu.

Na kama ndani ya jipsamu utakuta nguzo ni za bati badala ya mbao, habari inabadilika: msumari unatoboa bati jembamba lakini haushiki. Hapo ni skrubu nyembamba za kujitoboa pamoja na gundi.

---

PembeMraba

Nguzo ni mbao, nimehakikisha kwa sumaku: inanasa kwenye vichwa vya skrubu tu. Nimeamua: hewa, F50 na geji 16 ya 64 mm, triga ya hatua. Swali la mwisho, ninunue misumari mingapi? Na kuna haja ya kujua nyaya zilipopita?

---

Msasa180

Chumba cha 4 kwa 5 kina mita 18 za kuzunguka. Nguzo zikiwa kila 400 mm unapata sehemu 45, misumari miwili kila sehemu, mmoja juu mmoja chini, ni 90. Toa upana wa mlango, ongeza iliyopinda, bado ni 90 hadi 100 kwa chumba. Mlango mmoja, pande zote mbili, una mita kama 10.4 za mkanda: sehemu 26, misumari 26 ya ndani ya F na 26 ya nje ya geji 16. Kwa hiyo boksi la 1000 la kila aina linakuvusha na konisi juu. Maboksi ya F mengi huja na 5000, utabaki nayo. Yafunge kwenye mfuko mkavu, kutu kidogo tu inatosha kukwamisha. Chukua F za 38 kwa ukingo wa ndani wa mikanda ya milango na F za 50 kwa jozi za kwenye plasta. Skatingi iliyo juu ya jipsamu ipige kwa geji 16 ya 64, kwa kuwa utakuwa nayo.

Nyaya ndiyo, na mabomba pia. Msumari wa 64 mm kwenye skatingi yako unazama 36 mm ndani ya nguzo, na waya unaopita katikati ya nguzo hauko mbali na hapo. Angalia soketi na swichi: waya mara nyingi hushuka au kupanda wima kutoka hapo. Karibu na bafu na jiko chukulia kuna bomba nyuma mpaka uhakikishe vinginevyo. Penye shaka tumia 50 badala ya 64, au acha nguzo hiyo moja bila msumari na uongeze gundi. Miwani uvae hata kwa msumari mmoja.